Mgeni Asichoke

Mimi ni mpishi wa shule, na kabla hujaniuliza, ndiyo, uji ukiungua ni mimi, ukiwa mtamu wanasifu kuni. Nimezoea. Jiko langu liko nyuma ya madarasa, na dirisha lake linatazamana na dirisha la ofisi ya walimu. Kwa hiyo mambo ya shule ile sihadithiwi na mtu. Nayaona na kuyasikia mwenyewe, mwiko mkononi, nitake nisitake.

Hiyo ofisi ya walimu tuliiita hivyo kwa heshima tu, maana mwalimu alikuwa mmoja. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri, hata mimi niliyelingana naye na niliyemsuka nywele miaka yote ile. Madarasa yalikuwa manne na yeye mmoja, na alikuwa na utaratibu wake. Darasa la kwanza anawafundisha, la pili wananakili kilichoandikwa ubaoni, la tatu wanasoma kwa sauti wakipokezana, la nne wanafanya hesabu. Baada ya muda anageuza. Wale wanaosoma kwa sauti ndio waliokuwa walinzi wake. Utamkuta darasa la kwanza, ameinama, amemshika mtoto mkono wanachora herufi pamoja, lakini sikio liko ukutani. Sauti ya kusoma ikikatika tu, anajua huko kuna mtu kamvuta mwenzake sikio, anaacha chaki anakwenda. Mchana kutwa alikuwa anatoka mlango huu anaingia mlango ule, na sandali zake zote zililika upande mmoja.

Akitoka shule anaanza zamu ya kijiji. Huyu anataka asomewe maelezo ya dawa, yule amekorofishana na mumewe na hataki kwenda kwa wakwe. Kamati ya maji katibu yeye, kamati ya misiba katibu yeye. Mtu akifa, Mwalimu anapelekewa habari kabla ya baadhi ya ndugu wa marehemu. Watu wanafika mlangoni kwake, wanaita, "Mwalimu, upo?" naye anajibu, "Nipo," hata kama tonge liko mdomoni.

Lakini walikuja na shida, na shida ikiisha waliondoka. Sikumbuki mtu aliyekwenda kwake kupiga soga. Utapiga soga gani na Mwalimu? Amekufundisha wewe, amemfundisha mwanao, ukikosea kidogo unaogopa atakusahihisha. Mumewe alikufa zamani, mtoto hawakujaliwa, na dada yake wa mjini alikuwa mtu wa kusalimia kwenye simu na kukata. Jioni nikipita kwenda kwangu namwona amekaa kizingitini pa nyumba yake ya shule, sahani mapajani, anakula akiangalia uwanja mtupu. Roho ilikuwa inaniuma. Ningekaa naye, lakini mimi nina mume anayedai chakula kama anayedai haki ya kikatiba.

Sasa nikuambie habari ya vikao. Usicheke, au cheka kidogo tu. Kila Ijumaa, watoto wakishaondoka, Mwalimu alifunga mlango wa ofisi akafanya kikao cha walimu. Peke yake. Mimi huku nasugua sufuria, namsikia.

"Ajenda ya kwanza," anasema, "ni utoro."

Anageukia upande wa pili wa meza.

"Mimi naona tuwaite wazazi."

"Wazazi tumewaita mara ngapi, Mwalimu? Hawaji."

"Basi twende sisi majumbani kwao."

"Hilo ni wazo. Nani anaunga mkono?"

"Naunga mkono."

Alikuwa ni yeye na yeye. Na usifikiri walipatana kila wakati. Ijumaa moja alitoka amevimba uso, nikamuuliza nani kamuudhi. "Hoja yangu imekataliwa," akasema. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye kuni. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu, akafuta macho kwa kiganja chenye chaki.

"Dada," akaniambia, "natamani nipate mtu wa kubishana naye."

"Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu. Lakini nikianza habari ya sehemu na desimali unachukua mwiko unaondoka."

Ilikuwa kweli. Hata siku ile nilikuwa nimeshaushika.

Si kwamba hatukuletewa walimu wengine. Tuliletewa. Mmoja alifika na viatu vinavyong'aa, akaitazama barabara, akaitazama nyumba, akamuuliza dereva wa lori la soko kama anageuza leo leo. Mwingine alikaa wiki mbili, akasema anakwenda mara moja kuchukua godoro lake. Mpaka kesho godoro hilo linafuatwa. Wa tatu, kijana mpole, alifundisha muhula mmoja madarasa mawili mawili kama Mwalimu alivyompangia, akakonda, akaumwa, akaaga kwa machozi. Huyo ndiye aliyemwumiza Mwalimu. Alikaa siku nyingi akijilaumu kwamba alimbebesha mno.

"Wanakimbia kazi," akaniambia. "Kazi yetu ni nzito, wanaiona, wanakimbia. Anayefuata hataiona."

Anayefuata alipotangazwa, ofisi ya elimu ilituma maneno ya wazi pamoja naye: huyu ni wa mwisho. Akiondoka huyu, msitegemee mwingine, mtaendelea hivyo hivyo mpaka shule ifungwe watoto wapelekwe ng'ambo ya bonde. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaitisha mkutano. Yeye ni fundi seremala, na hata akikujulia hali anahutubia. Alisimama, akakohoa, akampa Mwalimu nafasi.

Mwalimu alisema maneno machache. Kwamba mwalimu mpya ni binti mdogo, ndiyo kwanza amemaliza chuo. Kwamba tukitaka abaki, tusimchoshe. Kazi zote ngumu ataendelea nazo yeye, na sisi wengine kila mtu kwa nafasi yake ahakikishe yule binti hanyanyui kitu.

"Azimio," mwenyekiti akanguruma. "Mgeni asichoke!"

Tulinyoosha mikono wote. Wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu, tena na kijiti cha kuni ndani yake. Lilikuwa azimio zuri, na nilikuwa sijawahi kuona kijiji kizima kinakubaliana hivyo.

Binti akaja. Siku ya pili tu tulishampa jina, Mwalimu Mdogo. Alikuwa mfupi, mwenye meno yenye mwanya na sauti kubwa kuliko mwili. Alishuka kwenye lori na begi moja la nguo na boksi moja, na ndani ya boksi mlikuwa na kadi alizokata mwenyewe kutoka kwenye katoni za sabuni, kila kadi ina herufi upande mmoja na picha upande wa pili. Bata, embe, kisu. Alimwonyesha Mwalimu zote pale pale barabarani, kabla hata hajapewa maji.

"Darasa la kwanza ndilo langu," akasema. "Chuoni nilikuwa nalipenda kuliko yote. Nitawafundisha mimi, Mwalimu?"

Mwalimu akamtazama kwa huruma. Darasa la kwanza lina watoto wanaolia, wanaojikojolea, wanaokula chaki.

"Usijali mwanangu," akamwambia. "Utaanza na la nne. Wao wametulia."

La nne lilikuwa na watoto wachache kuliko vidole vyako, na kweli walikuwa wametulia. Mwalimu Mdogo akapewa hilo, tena kipindi cha asubuhi tu. Mchana, Mwalimu alilichukua na lenyewe.

Wiki za kwanza tulijipongeza. Binti akienda bombani, wanawake wanampokonya ndoo wanamfikishia maji mpaka mlangoni. Akishika ufagio, anakuta uwanja umeshafagiliwa. Akitaka kufua, mke wa mwenyekiti ameshakuja kuchukua nguo. Watoto tuliwakataza kumzungukazunguka. Akitokea tunawanyamazisha, "Shh, mwalimu anapumzika," hata kama anatembea. Akipita, mazungumzo yanasimama, watu wananyanyuka, wanampa kiti. Anakaa. Sisi tunasimama. Tunamtazama akikaa.

Na Mwalimu! Nilikuwa sijamwona hivyo. Alihamisha rundo la madaftari lililokaa miaka kwenye kiti cha pili ofisini, akakiosha kiti kile kwa sabuni. Asubuhi alifika mapema zaidi, anasahihisha madaftari ya darasa la nne kabla binti hajaamka, ili asikute kazi mezani. Alikonda, lakini alikuwa anaimba. Nilimwambia, "Una mtu wa kubishana naye sasa." Akasema, "Bado. Nimwache azoee kwanza."

Ijumaa ya kwanza walifanya kikao. Nilikaa karibu na dirisha, sikusugua kitu, nilikwenda kusikiliza tu.

"Ajenda ya kwanza," Mwalimu akasema, "ni kusoma kwa darasa la pili. Wako nyuma."

"Mimi nilikuwa na wazo," sauti ya Mwalimu Mdogo. "Mchana sina kipindi. Ningeweza—"

"Ungeweza kuwachukua mchana. Ndiyo, nimelifikiria hilo. Lakini jua ni kali na wewe hujazoea. Nitawachukua mimi baada ya la tatu."

"Lakini Mwalimu, wewe una—"

"Nina la tatu, najua unachotaka kusema. Nitawaachia kazi ya kunakili. Ajenda ya pili."

Iliendelea hivyo. Binti anafungua mdomo, Mwalimu anamalizia. Binti anauliza, Mwalimu anauliza kwa niaba yake na kujibu. Miaka yote ile alikuwa ameshika pande zote mbili za meza, na sasa mtu amekaa upande wa pili na yeye hajauachia. Mwisho alisema, "Nani anaunga mkono?" na kabla binti hajanyanyua mkono akajijibu mwenyewe, "Naunga mkono. Kikao kimefungwa." Alitoka anatabasamu. Akaniambia kimekuwa kikao kizuri kuliko vyote.

Ndipo Mwalimu Mdogo alipoanza kuja jikoni. Anasimama mlangoni, mikono haijui pa kukaa.

"Mama, nikusaidie kuchambua maharage?"

"Aa, mwanangu! Utaumia macho."

"Nikuchochee moto?"

"Moshi huu? Kaa pale kwenye upepo."

Anakaa. Ananitazama nikifanya kazi. Siku moja alichukua ungo wangu nikiwa nimegeuka, akaanza kuchambua harakaharaka kama mwizi. Nilimpokonya kwa upendo kabisa.

"Mama," akasema, "mimi kwetu ni kifungua mimba. Nimelea wadogo zangu wote. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa hivi."

"Basi sasa pumzika," nikamwambia. Nilidhani nimemjibu vizuri.

Jioni alikuwa anatembea uwanjani, kutoka goli hili kwenda goli lile, na kurudi. Mwalimu yuko kizingitini kwake, anasahihisha. Binti yuko uwanjani, anatembea. Hawakuwa mbali, ungeweza kumwita mmoja kwa sauti ya kawaida ukiwa na mwenzake. Mwalimu hakumwita, asimsumbue. Binti naye hakuja, asimkatize kazi.

Kisha Mwalimu akaugua. Asubuhi niliingia kwake nikamkuta anatetemeka chini ya shuka, meno yanagongana, anatafuta sandali.

"Lala," nikamwambia.

"Watoto."

"Lala, nitakufunga kamba."

Nilikwenda kuwaambia watoto warudi nyumbani. Mwalimu Mdogo akanizuia mlangoni pa darasa la kwanza, boksi lake la kadi kifuani.

"Mama, wasiende. Leo niachie."

Sikuwa na mamlaka ya kumwachia wala kumkataza, kwa hiyo nikarudi jikoni kupika. Na nikuambie, sijawahi kusikia shule ile ikipiga kelele namna ile. Aliwatoa la kwanza na la pili wote barazani. Akawagawa wale wa la nne, kila mmoja akawa mwalimu wa watoto wawili watatu. La tatu aliwapa wimbo wa jedwali la sita, na huo wimbo mpaka leo umenikaa kichwani, napikia. Yeye mwenyewe alikuwa katikati, kadi juu, anapiga kelele, "Hii nini?" na watoto wanamrudishia "Bataaa!" mpaka kuku wa mwenyekiti wakakimbia. Jasho linamtoka, nywele zimefumuka, chaki mpaka kwenye nyusi. Nilisimama na mwiko wangu nikasahau sufuria. Uji uliungua siku ile, na ile ilikuwa halali yangu.

Karibu na mchana nilimwona Mwalimu anakuja. Amejifunga shuka, anashika ukuta, macho mekundu. Kelele zilikuwa zimemfikia kitandani na alidhani binti amezidiwa.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Nimekutupia mzigo wote. Nisamehe sana."

"Sijazidiwa, Mwalimu. Angalia, wote wanajua mpaka—"

"Najua huwezi kusema. Lete hapa. Nenda kapumzike."

Akaitoa chaki katikati ya vidole vyake. Kwa upole, kama unavyomtolea mtoto mwiba. Watoto wakanyamaza. Mwalimu Mdogo alikusanya kadi zake moja moja, na uso wake siwezi kuusahau. Nimeona watu wakinyang'anywa mashamba, hawakuwa na uso ule.

Baada ya siku mbili alikuja jikoni, hakuomba ungo. Alisema atapanda lori la siku ya soko.

"Umechoka?" nikauliza, roho mkononi.

"Mama, natamani ningechoka."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Mnanipenda, naona. Lakini hamna kazi na mimi. Mwalimu anaweza yote. Nikiwepo au nisiwepo, siku inakwenda vilevile. Mimi nimesoma ili nitumike, Mama. Sikusoma ili nikalishwe kwenye kiti."

Hapo ndipo akili iliponirudia, na nilijisikia mjinga kuanzia utosini. Azimio letu lote, mikono yote ile juu, tulikuwa tunamsukuma binti wa watu nje polepole.

Mchana huohuo nilimkalisha Mwalimu kwenye kigoda nimsuke, maana anayesukwa hawezi kukimbia. Nikamwambia yote.

"Amesema kazi nyingi?" akauliza.

"Amesema hakuna kazi!"

Nilihisi kichwa chake kimekuwa kigumu mikononi mwangu.

"Yule kijana aliondoka kwa sababu ya kazi," akasema.

"Yule ni yule. Huyu ni huyu. Mwambie unamhitaji."

"Anajua."

"Hajui."

"Mtu anaona madarasa manne na mwalimu mmoja, hajui?"

"Hajui, Mwalimu. Anakuona wewe unatosha. Hata mimi nakuona unatosha, nami najua hutoshi."

Nikamaliza mistari ya upande wa kushoto. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Nilipofiwa na mume wangu walikuja kuniuliza nataka nini. Nikasema niko sawa. Wakaondoka."

"Na ulitaka nini?"

"Nilitaka wakae."

Nilimpapasa bega. Kati ya waliokuja kumuuliza wakati ule na kuondoka, mimi pia nilikuwemo. Nikamwambia, "Basi kesho mwambie huyu. Usirudie."

Akasema atamwambia. Aliapa.

Kesho yake nilijibanza dirishani. Mwalimu aliingia ofisini, akafunga mlango, akakohoa.

"Mwanangu, nimesikia unataka kutuacha."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikawa nasema kimoyomoyo, sema, sema, sema.

"Nimefikiria," Mwalimu akasema. "Nikupunguzie na lile la nne?"

Niliutupa mwiko. Ulitua kwenye mfuniko, ukafanya kishindo, wote wawili wakageuka kutazama jikoni. Sikusikia binti alijibu nini, lakini sikuhitaji kusikia.

Siku ya soko ilikuwa siku ya shule. Mwalimu aliwapangia watoto kazi, kila darasa ya kwake, tukashuka barabarani watatu. Begi alilibeba yeye. Binti alijaribu kulishika mkono mmoja angalau wasaidiane, Mwalimu akalihamishia bega la pili. "Wewe una safari mbele yako," akasema. Njia nzima ilikuwa hivyo, yule ananyoosha mkono, huyu anahamisha bega, mpaka mwishowe binti akakunja mikono yake kifuani akatembea tu.

Lori lilikuja likiwa na magunia nusu. Dereva akashuka kupanga nafasi. Mwalimu Mdogo akasimama mbele ya Mwalimu, na nilimwona amejikaza.

"Mwalimu, nikuulize jambo moja," akasema. "Kuna kitu chochote ulitaka nikusaidie? Chochote, hata kidogo. Ningefurahi kujua tu kwamba kilikuwepo."

Aliulizwa waziwazi, mchana kweupe, na mtu ambaye alikuwa bado hajapanda. Neno lolote lingetosha. Angesema tu nisaidie kufuta ubao. Nilimwona Mwalimu anafungua mdomo. Nilidhani linakuja.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Wewe nenda salama. Kaa kule mbele na dereva, nyuma kuna vumbi."

Binti akatikisa kichwa taratibu, akamkumbatia, akanikumbatia na mimi, akapanda. Mwalimu alimpandishia begi mwenyewe, kwa mikono miwili, akalisukuma mpaka likakaa sawasawa. Akaugonga mlango kwa kiganja, kumwambia dereva aondoke. Lori likaondoka.

Lilikuwa limefika kwenye mteremko wa daraja Mwalimu aliposema, "Nilimhitaji."

Alisema kwa sauti. Sauti ile ya darasani, inayofika mpaka dawati la nyuma kabisa.

Mimi nilikimbia. Kwa mwili huu ninaouona kila siku kwenye maji ya sufuria, nilikimbia nikipunga aproni na kupiga mayowe, "Simama! Dereva! Simama!" Kandambili moja ikabaki njiani. Lori likapanda ng'ambo ya daraja, likakata kona, vumbi likanijaa mdomoni. Nilirudi nikichechemea, nimeshika ubavu, na hasira zangu zote zimenipanda kichwani.

"Ungeumia bure," Mwalimu akaniambia.

"Ungesema mapema! Amekuuliza! Amesimama hapa, amekuuliza kwa mdomo wake!"

"Nilitafuta namna ya kusema." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Unajua nimefundisha watoto wangapi kusema? Nilitafuta, dada, sikuipata. Inasemwaje?"

Aliniuliza kweli. Alikuwa anataka kujua. Hasira ikanishuka yote nikabaki nimesimama na mguu mmoja peku.

"Inasemwa, baki," nikamwambia. "Ni hilo tu."

"Baki," akasema.

"Ndiyo."

"Baki," akasema tena, akiitazama barabara.

Nikaokota kandambili yangu, nikamshika mkono, tukarudi, maana watoto walikuwa peke yao.